Kidirisha Kilichozimwa

Meneja wa vipindi alimkuta mkalimani kwenye chumba cha vipodozi, akaingia, akaufunga mlango kwa mgongo. Mkalimani hakuzoea kufungiwa mlango. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya kitambaa cha kijani kwenye kona ya studio na kuyageuza maneno ya wengine kuwa lugha ya alama. Viziwi walimwona kwenye kidirisha kidogo pembeni mwa skrini. Watu wengine walimwona kama pambo.

Alasiri hiyo palikuwa na mjadala wa kodi ya mapato, jambo ambalo nchi nzima ilikuwa ikiligombania. Serikali ilitaka viwango vya zamani vifutwe, mwenye mshahara mnono na mwenye ujira wa kijungujiko wakatwe asilimia ileile. Naibu waziri angekuja kuitetea, mhadhiri wa uchumi angekuja kuipinga.

Meneja alizungumza kwa upole, na upole huo ndio uliomtia mkalimani hofu. Alisema mhadhiri huwa na maneno mengi, hasa kuhusu misamaha itakayofutwa, kwa hiyo akifika hapo mkalimani asijichoshe, afupishe tu.

"Nifupishe kiasi gani?"

"Mpaka kusibaki kitu," meneja akasema. "Nakuomba kama dada yangu. Mkataba wako bado ni wa muda, si ndiyo?"

Mkalimani alikuwa na kaka mmoja tu, fundi seremala, aliyepoteza usikivu kwa homa utotoni. Lugha ya alama alijifunza kwake, wakicheza chini ya meza, kabla hajajua kusoma. Fundi hakuwa akikatwa kodi kwa sababu ya ulemavu wake, na nafuu hiyo ndiyo iliyomwezesha kupanga karakana na kuajiri viziwi wenzake. Alikuwa pia bingwa wa kuwabandika wakubwa majina ya alama. Naibu waziri, kwake, alikuwa Mpandisha Suruali.

Mjadala ulipoanza, naibu waziri akainuka kusalimia, akapandisha suruali. Siku nyingine mkalimani angebana kicheko. Siku hiyo hakuona cha kuchekea.

Naibu waziri alisema kodi ya kiwango kimoja ni rahisi na haina ujanja. Mhadhiri akamjibu taratibu kwamba kiwango kimoja, kama mswada ulivyoandikwa, maana yake hakuna nafuu tena. Mlemavu naye ataanza kukatwa, na hakuna aliyemwambia.

Mikono ya mkalimani ilisita. Akamfikiria mama yao, aliyekuwa akiishi kwake na kutegemea mshahara huo. Kisha mikono ikaanza kusema, na ilipoanza hakuweza kuizuia. Alitafsiri yote. Alipotupia jicho skrini ya studio, hakujiona. Penye kidirisha chake palikuwa na nembo ya kituo. Nyuma ya kioo meneja alikuwa akimtazama, simu sikioni.

Alipotoka alikuta ujumbe wa fundi: "Umesema nafuu yetu inafutwa, halafu ukapotea. Wamekukamata?" Akamjibu kwamba yuko salama, atulie karakanani. Fundi akaandika: "Nitaamini nikikuona." Mkalimani alimjua kaka yake: hakuwa mtu wa kutulia.

Asubuhi aliitwa kurudisha kitambulisho cha kazi. Akiwa kwenye korido ya ghorofani alichungulia dirishani. Nje ya geti walikuwa wamejaa viziwi. Fundi alikuwa amepanda kwenye ukingo wa bustani akiwahutubia kwa mikono, asione kingine ila nyuso zao, nao wamemkazia macho, migongo yao ikielekea barabarani. Nyuma ya migongo hiyo askari walikuwa wakishuka kwenye gari, na bunduki zao.

"Tawanyikeni!" afande alisema kwenye kipaza sauti. "Nahesabu mpaka tano."

Hakuna aliyegeuka. Afande aliona amedharauliwa.

"Moja."

Mkalimani alishuka ngazi mbiombio. Getini mlinzi alimshika mkono, akajinasua, huku akipiga kelele kwamba wale ni viziwi, hawasikii. Kipaza sauti kilimeza sauti yake. Alipofika mbele ya bunduki afande alikuwa amefika tatu. Hapo fundi akamwona dada yake mzima, akafurahi, akarusha mikono yote miwili juu. Askari mmoja akainua mtutu.

Mkalimani akazipa bunduki mgongo. Alihisi mgongo wake umekuwa mpana kama ukuta. Akamwashiria fundi, naye akawapitishia wenzake: geukeni polepole, kaeni chini.

Waligeuka. Wakaona. Wakakaa, mmoja baada ya mwingine, bila hata kikohozi.

Afande alikishusha kipaza sauti. "Kumbe," akasema. Lakini askari mmoja aliyezungukia ukingoni alikuwa ameshampiga fundi rungu la kifundo cha mkono, mfupa ukavunjika. Kwa wiki kadhaa fundi alizungumza kwa mkono mmoja, maneno nusunusu ambayo dada yake peke yake aliyaelewa.

Bunge liliupitisha mswada. Kifungu cha kufuta nafuu ya walemavu kiliondolewa kimyakimya. Kituo hakikumrudisha mkalimani. Sasa anatafsiri mahakamani.

Fundi amepona na ameshaisahau hofu ile. Dada yake hajaisahau. Wakienda sokoni pamoja hatembei tena ubavuni mwake. Hutembea nyuma yake, akisikiliza kwa ajili yake, na mtu yeyote akipaza sauti barabarani, humshika kaka yake bega kabla ya kugeuka kutazama ni nani.