Spika ya Mlango wa Abiria

Asubuhi ya kuhamishwa kwake kutoka nyumba ya baba, dada mtu alikaa kiti cha nyuma, kabanwa kati ya godoro lililokunjwa na sufuria zake tatu. Kaka yake aliamua wapitie kwanza kwa fundi redio. Gari nalo lilikuwa la marehemu baba yao. Kaka alikuwa amelirithi, na hakuweza kuvumilia ile redio ya kiwandani, iliyosoma hata taarifa ya habari kama inaumwa mafua.

"Toa kila kitu," alimwambia fundi. "Redio, spika, zote. Nataka zile kubwa."

Mizigo ya dada ikashushwa uwanjani ili fundi apate nafasi. Alikuwa mtu wa taratibu zake. Alichomoa waya wa betri ya gari, akabandua fremu, akaitoa redio, kisha akafungua milango ya mbele. Spika kuukuu hakuitupa bila kuipima: aligusisha nyaya zake kwenye betri ya tochi, na kama bado ni nzima, ilikwaruza kidogo. Ile ya mlango wa abiria ilikohoa.

"Zima hiyo redio, nikwambie kitu," ilisema. Ilikuwa sauti ya baba yao.

Fundi hakuinua hata nyusi. Spika na sikio ni ndugu, alieleza. Ikikaa mlangoni miaka kumi husikia mengi, na mengi yake ni watu kulalamikia foleni. Akagusisha tena.

"Dada yako asitolewe kwenye nyumba ile. Miaka sita kaninyanyua, kanilisha, kanifulia. Umenisikia?"

Hiyo ilikuwa safari ya kutoka kliniki, wiki moja kabla mzee hajafariki, na garini walikuwa wawili tu, yeye na mwanawe wa kiume. Kwenye kikao cha ukoo, kaka aliapa kwamba baba alimwachia nyumba yeye. Mashangazi na baba wadogo walikubali, wakamalizia chai.

Dada alisikiliza akiwa ameketi juu ya godoro lake. Moyo ulimuuma, ingawa hakusikia jambo lolote asilolijua.

"Maneno ya mgonjwa hayo," kaka alisema. "Wala sikumsikia vizuri. Injini ilikuwa inanguruma."

Fundi, ambaye hakupenda kuingilia mambo ya watu, alikuwa keshafika mlango wa dereva. Akagusisha nyaya.

"Nimekusikia, baba," ilisema spika hiyo kwa sauti ya kaka, safi, bila mkwaruzo wowote. "Niachie mimi."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa kutoka mlango hadi mlango. Kaka alijikuna shingo.

"Hizo mpya," aliuliza, "besi yake ikoje?"

Besi yake ilikuwa nzuri sana. Ilipofika saa nane, redio mpya ilikuwa inawaka taa za buluu, na vioo vya duka la jirani vilikuwa vikitetemeka. Kasha la besi lilijaza buti yote, spika nyingine mbili zikameza kiti cha nyuma, na godoro halikuingia tena.

"Nitatuma mkokoteni uje kukuchukua, mdogo wangu," kaka alisema kupitia dirishani, na ilibidi aseme mara mbili ili asikike.

Mkokoteni haukuja. Fundi ndiye aliyeuita mwingine.

"Spika za zamani mimi huwa natupa," alimwambia dada. "Nikufungie zote mbili?"

"Ya abiria inanitosha."

Aliifunga kwenye gazeti na kumwongezea betri ya tochi.

Siku hizi nyumba ina wapangaji, na dada anaishi chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala. Akitoka kazini hutua mkoba, huvua viatu, hugusisha nyaya. Baba hukohoa, husema yaleyale, kisha huuliza, "Umenisikia?" Baada ya hapo spika haisemi kitu. Inasubiri, na kule kusubiri kwa mzee humtia dada uchungu kuliko hata kuikosa nyumba yenyewe.

"Nimekusikia, baba," humjibu. "Niachie mimi."

Kisha huinjika chai.