Upande wa Nyuma wa Shuka

Kikohozi kilisikika kwanza. Kilitoka upande wa barabara ya Kisii, kikapita juu ya mashamba ya chai, na wachumaji wakainua vichwa ingawa hapakuwa na cha kuona ila ukungu. Jethro, mwendesha sinema, alikuwa na desturi ya kukohoa mara mbili katika kipaza sauti kabla ya kutangaza jambo. Kisha sauti yake ikasema kwamba filamu ya Kilima Chenye Magoti ingeonyeshwa kesho katika uwanja wa shule ya Nyacheki, mara tu Sabato itakapoisha. Hiyo ilikuwa Ijumaa, mwezi wa Juni, mwaka wa 1973. Gari lenyewe la sinema lilitokea nusu saa baadaye.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni filamu ya nini. Marehemu mwalimu Nehemiah Nyangate aliandika kitabu kimoja tu maishani mwake, na nakala yake ilikaa katika kituo cha kununulia chai, ndani ya debe lenye kifuniko, imefunikwa kwa karatasi ya sukari. Lori la kiwanda lilichelewa kila siku. Wachumaji walipolingoja, Gesare, mchumaji mwenzao, alifungua debe akawasomea. Katika miaka mitano walikuwa wamekimaliza kitabu hicho mara kumi na tisa, na mtu akiruka sentensi moja, hata mtoto aliyebebwa mgongoni aligeuka kumtazama.

Kitabu kinasimulia wapimaji ardhi waliokuja na vigingi kukipima kilima. Katika sura ya tisa, mjane mmoja anaketi juu ya jiwe mbele ya kilima hicho na kukiambia kisimame. Kilima kinasimama juu ya magoti yake kumi na saba, kinaondoka kikichechemea mguu wa kushoto, na vigingi bado vimo mgongoni mwake.

Wageni walipokuja kuipiga filamu hiyo Tabaka, mwaka wa sabini, walimtafuta mwanamke wa kuwa mjane, wakamchukua Bochaberi. Alizaliwa Tabaka, kwenye machimbo ya mawe laini ya kuchonga, akaolewa Nyacheki, na alikuwa mjane kweli. Walimketisha juu ya jiwe majuma matatu. Alisema maneno ya sura ya tisa mara kumi na moja, maana kila mara kulikuwa na wingu, au mbuzi, au taa imezimika. Alirudi nyumbani akawaeleza wenzake, nao wakaingoja filamu kwa miaka mitatu kama watu wanaongoja harusi ya kwao.

Jumamosi jioni palitokea shida ndogo ya chinsoni. Chinsoni ni ile heshima ambayo kila Mgusii hulelewa nayo: baba mkwe na mke wa mwanawe hawaketi pamoja kutazama jambo ambalo huenda likawaaibisha, na hakuna aliyejua wageni wametia nini ndani ya filamu. Mwalimu mkuu akaitatua. Alitaka shuka ifungwe kati ya milingoti miwili ya goli. Vijana na wake zao wakae mbele. Wakwe wao wakae nyuma. Shuka ilikuwa nyepesi na picha ingepenya.

Jethro aliwasha mtambo saa moja na robo. Filamu ilikwisha saa tatu kasorobo. Waliokaa mbele walitazama filamu ya saa moja na nusu. Waliokaa nyuma walitazama filamu ya saa mbili na nusu. Pande zote mbili zilianza pamoja na kuinuka pamoja, na wazee walipokung'uta nyasi nguoni walilalamika tu kwamba migongo imewauma.

Mbele, Bochaberi hakuonekana. Ulionekana mkono wake mmoja, ukimpa maji mpimaji ardhi mwenye masharubu. Mpimaji huyo ndiye aliyefanywa sasa kuwa shujaa. Alipuliza filimbi na kilima kikaondoka.

"Mkono wako umeigiza vizuri," jirani mmoja alimwambia Bochaberi wakati wa kutoka, na watu wakacheka. Kufikia asubuhi alikuwa na jina jipya, Mama Mkono. Wale waliokuwa wameamini habari zake miaka mitatu walianza kusema kwamba tangu hapo walikuwa na shaka.

Jumapili, kwenye kituo, mjadala ulianza kabla ya chai kufika.

"Kile si kilima, ni gari," alisema Ratemo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili aliyeachia shule darasa la sita, akajifundisha kutunga mashairi kwa kuhesabu mizani za nyimbo za kanisani. "Magoti kumi na saba yamekuwa magurudumu manne, kama ya lori la kiwanda. Tofauti ni kwamba kilima kilifika kwa wakati."

"Magurudumu yapi?" aliuliza Mzee Manasseh.

Manasseh alikuwa baba mkwe wa Bochaberi. Alikuwa ameketi mwisho wa kituo, akiwapa wanawake mgongo, kama ilivyompasa.

"Yale ya chini, mzee."

"Mimi nilihesabu magoti. Yalikuwa kumi na saba. La kumi na mbili lina kovu."

Gesare alikuwa amekwisha kufungua debe. "Kilichechemea mguu gani, mzee?"

"Wa kushoto."

"Sisi tuliona gurudumu la kulia likichechemea," akasema Ratemo.

"Nyinyi mlikaa mbele."

Gesare alitafuta ukurasa kwa kidole. "Kushoto," akasoma. "Na kovu lipo."

Kwa watu wa kituo kile, kitabu kikisema jambo, limekwisha. Wazee walikuwa wameona filamu ya mwalimu Nehemiah, na vijana walikuwa wameona filamu ya mtu mwingine asiyejua magoti.

"Basi nani alikiambia kisimame?" akauliza Ratemo.

Jibu lingemlazimu Manasseh kumtaja mke wa mwanawe, naye alikuwa hatua nne nyuma yake, kikapu mgongoni. Alimgusa goti mzee Nyasani aliyeketi karibu naye, na Nyasani akasema kwa niaba yake.

"Mjane. Huyu wetu. Alikaa juu ya jiwe akasema maneno yote, hakuacha hata moja. Mimi nililia, na sikutaka kusema."

"Ulilia?" Gesare akauliza.

"Macho yangu yana moshi wa jikoni. Endelea na kazi yako."

Tangu siku hiyo hakuna aliyesema Mama Mkono. Lakini Bochaberi alibaki mtu pekee wa Nyacheki ambaye jambo hilo lilimhusu na ambaye hakuwa na njia ya kuliona. Vijana wengine wangeweza kuomba nafasi nyuma. Yeye hakuweza, maana nyuma ndiko alikoketi baba mkwe wake.

"Nataka kujiona," alimwambia Gesare. "Mara moja tu. Nilisema maneno yale mara kumi na moja. Sijui ni ipi waliyoichukua."

Manasseh alisikia, kama mtu anavyosikia jambo lililosemwa hatua nne kutoka mgongoni mwake. Alimwambia Nyasani, "Mwambie mke wa mwanangu kwamba gari likirudi, mimi nitaketi mbele."

Nyasani alimwambia.

"Mwambie tata nimeshukuru," akasema Bochaberi, akimwita mkwe wake baba kwa Kigusii.

Gari lilirudi Agosti. Safari hii Jethro hakuwa peke yake. Alikuwa na Bwana Ogari, wakala wa kusambaza filamu, aliyevaa tai na kubeba faili. Ogari alieleza kwa utulivu kwamba ofisi ilipokea taarifa kuhusu watazamaji wa Nyacheki, ambao walikuwa wakitazama saa moja zaidi ya ile iliyoidhinishwa. Hakuikana saa hiyo. Alisema tu kwamba haikuwa imeidhinishwa. Kwa hiyo shuka imeondolewa, na badala yake ameleta ubao mkubwa uliopakwa rangi nyeupe upande mmoja, ambao hauna nyuma.

Alileta pia vitabu vipya vya Kilima Chenye Magoti. Jalada lilikuwa na masharubu. Gesare alifungua kimoja akaona sura ya nane inafuatwa na sura ya kumi.

"Ya tisa iko wapi?"

"Haikuingia katika filamu, dada."

"Lakini hiki ni kitabu."

"Ni kitabu cha filamu."

"Filamu ndiyo ya kitabu, bwana."

Ogari alitabasamu. "Dada yangu, watu hawawezi kukaa saa mbili na nusu."

"Sisi hukaa saa nne kungoja lori," akasema Ratemo. "Njoo kesho utuhesabie."

Ogari alisema nakala ya zamani irudishwe, ili kusiwe na vitabu viwili vya jina moja. Mbele yake Gesare alifunika debe, akaketi juu yake, na hakuinuka hadi magharibi. Ogari aliandika katika faili kwamba nakala haikupatikana.

Ule ubao ulitengenezwa na fundi Onchiri wa Kisii mjini. Onchiri aliharakishwa, akatumia mbao mbichi za mkaratusi, kama afanyavyo akiharakishwa na hata asipoharakishwa. Mjini watu wote wanajua milango ya Onchiri. Unaifunga wakati wa mvua, na jua likiwaka wiki mbili unaweza kukaa kitandani ukamjua kila anayepita nje.

Jua lilipozama, watu wote walikwenda nyuma ya ubao. Walifika kama mia mbili, wakatandika majani ya migomba, wakaketi wakitazama mbao nyeusi na misumari. Wakwe waliohitaji nafasi walipeana nafasi, huyu akijisogeza kulia, yule akigeukia mbali. Mbele waliketi wawili tu, Ogari kwenye kiti cha mwalimu mkuu na Manasseh juu ya kigoda chake.

Ogari alizunguka kuwaona. "Huku hakuna kitu."

"Tunajua," Ratemo alimjibu. "Tunakaa."

"Mtatazama nini?"

"Ubao, bwana. Ubao haujakatwa."

Ogari alirudi kwenye kiti na Jethro akakohoa mara mbili.

Mbao zilikuwa zimekauka kwa mwezi mzima juu ya gari. Kati yake palikuwa na mianya tisa, mipana kama kidole. Katika mianya hiyo ilikuwamo filamu yote ya saa mbili na nusu, imekatwa kwa vipande virefu vya kulala. Watu waliinamisha vichwa, wakainua, wakaizoea. Ilipofika sura ya tisa, Bochaberi aliliona paji la uso wake katika mwanya wa tatu. Macho yake yalikuwa katika wa nne. Shingo na ushanga wa mama yake vilikuwa katika wa tano. Mdomo ulifichwa na mbao iliyokuwa kati ya wa nne na wa tano.

Sauti nayo ilikuwa mbele, katika kipaza sauti cha Jethro, na kule mbele ilikuwa filimbi tu.

Gesare ndiye aliyeanza. Hakuhitaji kufungua debe. Alisema sentensi ya kwanza ya sura ya tisa, Ratemo akaipokea ya pili, na kufikia ya tatu uwanja wote ulikuwa ukisema, watu mia mbili, wazee kwa sauti za chini na watoto wakitangulia nusu neno. Walisema polepole, wakifuata macho katika mwanya wa nne. Walipofika neno la mwisho walinyamaza wote bila kupatana, na Bochaberi akalisema mwenyewe.

"Simama."

Kilima kilisimama katika mianya tisa. Kilichechemea mguu wa kushoto.

"Ni ile ya saba," Bochaberi alimwambia Gesare. "Ile ya mbuzi. Nilidhani waliitupa."

Filamu ilipokwisha Ogari aliandika kwamba watazamaji walikuwa na kelele. Alisimama akawaambia, kwa adabu, kwamba mara nyingine ofisi ingeleta bati, maana bati halikauki wala halina mianya. Alisema pia kwamba vitabu vipya vilikuwa vimekwisha kupelekwa shuleni. Jambo hilo lilikuwa kweli. Mwaka uliofuata watoto wa darasa la saba walijifunza kwamba kilima huondoka kwa filimbi, na katika miji yote ambako gari lilikwenda, Bochaberi alikuwa mkono unaotoa maji.

Lakini jioni ile, kabla Jethro hajaanza kuufungua ubao, Mzee Manasseh aliinuka kutoka kwenye kigoda. Nyasani alijitokeza kando ya ubao, tayari kupeleka maneno, kwa maana ndiyo ilikuwa kazi yake. Manasseh alimwashiria abaki. Alikwenda hadi kwenye ubao, upande ule mweupe, akainama mpaka mwanya wa nne. Upande wa pili, Bochaberi aliona pumzi ya mtu ikipita kati ya mbao, akasogea, akasimama ameutazama mgomba ulio mbali. Ubao ulikuwa kati yao na heshima haikuvunjika.

"Omokamwana," alisema Manasseh, yaani mke wa mwanangu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa kumwita bila mtu wa katikati.

"Tata."

"Leo nimemtazama yule wa masharubu. Hajui hata kuketi mbele ya kilima."

"Ndiyo, tata."

"Mdomo wako umefichwa na mbao za Onchiri. Mimi niliuona, ile mara ya shuka. Waache walete bati. Walete na ukuta wa mawe. Nitakuja niketi upande huu na wewe uketi huko, na ikifika sura ya tisa nitasema kwa sauti jinsi mdomo wako ulivyokwenda, neno kwa neno, awepo Ogari au awepo mkubwa wake. Na nikifa kabla hawajachoka, nitakuja bado. Nakuahidi."