Kisahani Chenye Rangi Nyekundu

Haya alinisimulia mkwe wangu, mke wa kitindamimba wangu, Jumapili iliyopita tukichambua maharage. Sijaongeza chumvi.

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi vichwa vya magogo katika kiwanda cha karatasi. Gogo la kutoka msitu wenye cheti, yaani mahali wanapokata na kupanda tena, hupakwa kijani. La kutoka kwingine hupakwa nyekundu, na hilo haliruhusiwi kuingia kwenye karatasi zenye cheti. Huo ulikuwa mwaka wake wa tatu akiwa kibarua wa kutwa. Msimamizi wao, wanayemwita Filimbi kwa kuwa haimtoki mdomoni, alimwahidi mkataba ukaguzi wa cheti ukipita salama.

Asubuhi ya ukaguzi, Filimbi aliwakuta wanawake watano kando ya rundo jekundu.

"Mama zangu, rundo hili lote liwe kijani kabla ya saa nne."

"Kijani juu ya nyekundu inatoka rangi ya matope, bosi," mkwe wangu akasema.

"Ndiyo maana nimeleta msumeno. Tunayavua kofia, nyinyi mnapaka upya."

Msumeno ukapita. Kila gogo likakatwa kipande chembamba kama sahani, chekundu upande mmoja. Visahani vikalundikana.

"Visahani hivyo chukueni viwe kuni zenu," Filimbi akasema. "Msije mkasema siwajali."

"Leo tumepewa bonasi," mwenzao mmoja akasema, wakacheka.

Mkwe wangu hakucheka. Mti ule aliujua kwa harufu, na kwa utomvu uliomganda vidoleni. Haupandwi na mtu. Huku kwetu unaota juu ya chemchemi tu, pale tunapochota maji, na tangu malori yaanze kupanda kule, maji tunayakinga kwa kikombe.

Nilimuuliza, "Na ukapaka?"

"Nilipaka, mama. Arobaini na mawili."

Saa nne wakagawiwa glavu mpya, za kurudisha jioni. Mkaguzi akaja, viatu vinang'aa, akawekewa meza uani. Wa kuhojiwa akachaguliwa na Filimbi: mkwe wangu, kwa kuwa ni mpole.

"Glavu unapewa?"

"Ninazo mkononi."

"Maji ya kunywa yapo?"

"Hapa kiwandani yapo."

"Umewahi kunyanyaswa?"

Filimbi alikuwa hatua tatu tu, anafuta filimbi yake kwa shati.

"Hapana."

"Una la kuongeza?"

Anasema miguu ilimtangulia. Alikwenda kwenye fungu lake la kuni, akachomoa kisahani kimoja, akakiweka mezani juu ya makaratasi ya yule bwana, wekundu juu.

"Hiki ni kichwa cha gogo lile la kijani pale pembeni. Ukivilinganisha vitakaa sawa, duara kwa duara. Na mti wenyewe umekatwa juu ya chemchemi tunayokunywa."

Mkaguzi akakigeuza. Akatazama rundo, halafu saa yake.

"Vipande hivi mnavifanyia nini?"

"Kuni, mkuu," Filimbi akawahi. "Tunawagawia bure."

"Vizuri."

Akaandika. Mkwe wangu anajua kusoma hata karatasi ikiwa imegeuka: *Wafanyakazi hupewa kuni bure.* Kisha akamrudishia kisahani chake kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Rundo lilikuwa hatua ishirini kutoka mezani. Mtu amesoma mpaka macho yamechakaa, hatua ishirini zikamshinda. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini ningetembea.

Saa tisa wakaitwa wote wapige makofi: hakuna kosa lililoonekana, cheti kinaendelea. Jioni Filimbi alipokusanya glavu, alimwambia, "Dada, kesho pumzika."

"Na keshokutwa?"

"Pumzika tu."

Alirudi na fungu kichwani. Mwanangu yuko kazini mbali, nyumbani alikuwapo binti yao peke yake. Kuni nyingine zikaingia jikoni, kile kisahani hakikuingia.

"Mama, hicho hukichomi?"

"Hicho hapana."

Akafunika nacho mtungi wa maji, ambao haukufika hata nusu, wekundu ukatazama juu. Akanawa kwa kikombe kimoja, kijani kikabaki kwenye kucha. Wakala. Mtoto akasinzia na kijiko mkononi, akamlaza. Naye akajinyoosha pembeni yake, viatu bado miguuni, mwanga ungali dirishani, akalala.