Miaka Tisa Iliyokatwa

Mwalimu wa mdahalo alimwomba mkutubi wa shule awatafutie wanafunzi makala za mtandaoni za pande zote mbili: za wanaosema binadamu ndiye anayevuruga hali ya hewa, na za wanaosema hakuna kilichobadilika. Mkutubi akakubali kwa roho safi. Kazi ya kutafuta ndiyo iliyomlisha.

Upande wa kwanza haukumsumbua. Upande wa pili ilibidi aupepete kama mchele: makala nyingine hazina mwandishi, nyingine matusi matupu. Mwishowe akapata ripoti moja ya heshima, yenye marejeo na mchoro. Mchoro ulionyesha mvua za miaka ishirini na miwili, mstari umelala tuli kama chatu aliyeshiba. Chini yake, kwa herufi ndogo: takwimu za kituo cha bwawa, zilizokusanywa na... na hapo majina matatu ya baba yake mzazi.

"Mama yangu!" akapiga ukelele. Wanafunzi wakamgeukia, yeye ndiye aliyezoea kuwanyamazisha.

Jioni aliingia nyumbani na karatasi mkononi, meno yote nje. "Baba, shikamoo! Umekuwa mtu wa mtandaoni!"

"Marahaba. Nimefanya nini tena?"

Mzee alikuwa mpima mvua mstaafu. Miaka thelathini na mmoja, kila siku saa tatu asubuhi, alikagua chombo cha kupimia mvua pale bwawani na kuandika alichokikuta. Alivaa miwani, akaufuata mstari kwa kidole mpaka ukingoni.

"Huu umeishia wapi?"

"Mwaka wako wa ishirini na mbili."

"Na tisa yangu ya mwisho?"

Binti akaigeuza karatasi, kana kwamba miaka ilikuwa imejificha nyuma. Palikuwa peupe.

Mzee akaenda chumbani, akarudi na madaftari. Akayafungua ya ile miaka tisa, moja baada ya jingine. Mvua za kwanza zikichelewa mwezi mzima. Kisha siku moja inamwaga mvua iliyokuwa ikinyesha kwa majuma matatu. Kwenye ukurasa mmoja wino ulikuwa umetambaa.

"Siku hii daraja lilizolewa," alisema. "Niliandika nimelowa mpaka kwenye mifupa. Hii nayo wameitupa?"

 Binti akaketi. Nakala kumi na tano za ripoti ile alikwisha kuzigawa shuleni.

Akachukua simu aitazame na makala moja ya upande wa kwanza, ambayo mchana aliipitia juujuu tu. Humo miaka yote thelathini na mmoja ya kituo cha bwawa ilikuwapo, namba kwa namba. Lakini aliposoma shukrani za mwisho, akaziba mdomo.

"Nini?" baba akauliza.

"Wameandika 'marehemu'."

"Marehemu nani?"

"Wewe, Baba."

Mzee akajipapasa kifua. "Basi hawa wameniua, na wale wamenikata. Afadhali walioniua, namba zangu hawakuzigusa."

Wakawaandikia wote barua pepe, na kwa wale wa ripoti wakaambatanisha picha za kurasa zilizoachwa. Walioandika "marehemu" walijibu kesho yake, wakaomba radhi, wakasahihisha, wakamuulizia na afya. Wenye ripoti wakawa kimya wiki mbili. Asubuhi moja, kabla ya kengele, mkutubi akaifungua tena ile ripoti. Mchoro ulikuwa vilevile, mstari umelala vilevile. Kilichotoweka ni jina la baba yake. Mahali pake palisomeka: "mpimaji wa eneo husika."

Alimpigia baba yake simu, akamsomea.

Mzee aliomba asomewe tena.

"Kwa hiyo barua waliisoma," akasema.

"Waliisoma, Baba."

"Picha wakaziona."

"Wakaziona."

"Wakajua."

Siku hiyohiyo mkutubi alipita darasa kwa darasa kukusanya zile nakala. Kumi na nne zilirudi. Ya kumi na tano ilikuwa kwa msichana aliyepangwa kuongoza upande wa pili. Alipoelezwa kisa chote, huyo alikataa kuirudisha kabla ya kuona madaftari ya mzee kwa macho yake, basi kesho yake mkutubi akamletea. Aliyasoma amesimama kwenye kaunta ya maktaba, kofia ya kalamu mdomoni, na alipofika kwenye ukurasa wa daraja akavuta kiti.

"Madamu," aliuliza polepole, "hawa watu walidhani hatutauliza?"