Malkia wa Vipande

Siku Studio ya Kestrel ilipomwacha Lenore Pruett, hakuna aliyemwita kumwambia. Tuliingia getini asubuhi kama kawaida, mimi na yeye kwenye Packard yake ya kijani, tukafika mahali anapoegesha gari, tukamkuta mtu amepiga magoti akipaka rangi nyeupe juu ya jina lake.

"Unafanya nini, baba?" Lenore alimuuliza, mikono ikiwa bado kwenye usukani.

Yule mtu akasimama, akavua kofia. "Nimetumwa tu, Bi Lenore. Wamesema nafasi hii ni ya mtu mwingine sasa."

"Nani?"

"Hawajaniambia. Mimi nimeambiwa nifute."

Lenore aliguna. Akaliingiza gari taratibu hadi juu ya rangi mbichi, akazima injini, akapanda ofisini na viatu vyake vya visigino kwenda kusikia kwa masikio yake kwamba mkataba hauongezwi. Alipoteremka hakuwa amelia. Aliwasha gari, akaondoka, na magurudumu yakaacha mistari miwili myeupe kutoka pale hadi barabara kuu.

"Wafute na hiyo," aliniambia.

Mimi ni Opal Teague. Miaka yote ya Lenore pale Kestrel, kazi yangu ilikuwa kusimama mahali pake wakati mafundi wakipanga taa. Tulikuwa na urefu mmoja na nywele za rangi moja. Ukitutazama kwa mbali usingejua bega hili ni la nani. Taa zikishakaa sawa mimi natoka, yeye anaingia, mwongozaji anasema "Anza!", na punde tu anasema "Kata!" Watu wa nje hudhani hiyo si kazi, ni uzuri tu umesimama mbele ya kamera. Waache wadhani. Lenore aliweza kulia kwa jicho lililo upande wa kamera, lile jingine likabaki kavu. Aliweza kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye alama ya chaki bila kuiangalia, akajua kwa joto la taa shavuni kwamba amefika. Akicheka mara ya kwanza na mkono juu ya kiti, hata mkirudia hadi jua lizame, mkono ungekuwa palepale juu ya kiti, ili wanaounga vipande vya filamu waunge wanavyotaka. Alikuwa binti wa muuza chakula cha ng'ombe kutoka Amarillo, Texas. Hakuzaliwa na hayo. Aliyapata kwa kurudia, na kurudia, na kurudia.

Lakini mwaka ule wa 1953 watu walikuwa wamejifungia sebuleni wakitazama televisheni, na studio zote zilikuwa zinapunguza waigizaji. Pale Hollywood televisheni tuliiita "sanduku". Mwigizaji wa sinema akionekana ndani ya sanduku, ilihesabiwa amekwisha.

Wakala wake, Irv Lasker, alikuja siku moja mchana na keki ya limau. Irv hakuwahi kuleta keki kwa habari njema.

"Nimepata kitu," alisema. "Ni sanduku."

"La kunizikia?" Lenore aliuliza.

"Sikiliza, mpenzi. Mchezo mmoja, saa nzima, mubashara. Wanaolipia ni wenye Sabuni ya Lumo. Wakikupenda, watakupa kipindi chako mwenyewe, kila wiki, kwa jina lako. Wasipokupenda, sina tena mtu wa kumpigia simu."

"Na nikikataa?"

"Dada yako kule Amarillo si ana duka la kofia?"

Lenore alikata kipande cha keki, akakila chote kabla ya kujibu. "Kofia hazinipendezi," alisema. "Waambie nakuja."

Mazoezi yalifanyika kwenye ukumbi wa zamani wa dansi. Hapakuwa na kuta wala milango, ila utepe wa kunata sakafuni kuonyesha ukuta utakuwa hapa na mlango pale. Mchezo wenyewe ulimhusu Hester, mjane wa shambani Nebraska, ambaye shemeji yake anakuja kumlazimisha auze nyumba. Shemeji aliigizwa na Alden Fitch, mtu wa jukwaa kutoka New York, mwenye sauti ya kutikisa madirisha na dharau ya kutosha ukumbi mzima. Mwongozaji alikuwa kijana mmoja, Marty Zeller, aliyetafuna penseli mpaka ikabaki ncha.

Siku ya kwanza Lenore alijikwaa kwenye neno, akasimama, akasema kwa adabu kama alivyozoea, "Samahani. Turudie."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Jamani, mleteeni kiti Malkia wa Vipande!" Fitch alisema. "Amesema sentensi tatu mfululizo, huyu atazimia!"

Zeller hakucheka. Alimsogelea akiwa ameshika penseli yake. "Bi Pruett, siku yenyewe hakuna kurudia. Ukikosea, unakosea mbele ya Marekani nzima, na unaendelea. Kokote uendako, lakini unaendelea."

"Nimekusikia," Lenore alijibu. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Kesho yake alisimama tena. Keshokutwa tena. Maneno aliyajua, tuliyarudia jikoni kwake hadi mimi nikaweza kuwa Hester, shemeji, na hata mbwa anayebweka nje. Tatizo halikuwa kichwa. Tatizo lilikuwa mwili. Kwa miaka kumi na saba mwili ule ulifundishwa kwamba neno likiharibika, filamu inaharibika, na filamu ni ghali: simama, tulia, subiri "Kata!" Alisimama bila hata kujua kwamba amesimama.

"Chukua kile kitambaa cha vyombo," aliniambia jioni moja. "Kiloweshe. Nikisimama, nichape."

"Wewe, mimi sikuchapi."

"Opal. Ama unichape wewe, ama wanichape wao."

Basi nikamchapa. Nilimchapa miguuni akizunguka meza ya jikoni akisema maneno ya Hester, tukicheka mpaka jirani akachungulia. "Hilo lilikuwa koma, shoga!" Lenore alikuwa akipiga kelele. "Mtu haruhusiwi kupumua?" Lakini kicheko kikiisha nilimwona anavyojitazama kwenye kioo cha dirisha, na nilijua anaona duka la kofia.

Siku ikafika. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili jioni na jua bado linawaka barabarani. New York ilikuwa saa tatu usiku na watu wameshakula. Kamera tatu, kila moja na taa nyekundu inayowaka inapokuwa ndiyo inayotazamwa. Mimi nilisimama nyuma ya kamera ya pili, kitambaa cha vyombo begani. Lenore ndiye aliyetaka nije nacho.

Alianza vizuri. Zaidi ya vizuri. Nusu saa nzima alikuwa mjane wa Nebraska. Alikanda unga, alipokea barua, alimfokea mbwa asiyekuwepo. Fitch aliingia na sauti yake, na hata yeye nilimwona anaanza kumtazama kwa heshima. Wakafika kwenye kile kipande kikubwa, ambapo shemeji anaweka karatasi ya mauzo mezani.

"Nyumba hii ni mbao na misumari tu, Hester," Fitch alisema. "Weka saini."

Lenore alitakiwa ajibu, "Kila msumari uliomo humu aliupigilia mume wangu," kisha aendelee na maneno marefu ambayo mchezo wote uliyangoja. Mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wa kiti. Akafungua mdomo.

"Kila msumari uliomo humu aliupigilia baba yangu—"

Akasimama.

Nilijua mara moja. Kidevu kiliinuka kidogo kuelekea kwenye taa. Vidole vikatulia. Macho yakaenda pembeni ya kamera, pale anapokaa mwongozaji kwenye sinema, yakasubiri. Alikuwa anasubiri "Kata!" Na hapakuwa na mtu wa kuisema. Fitch alikuwa amefungua mdomo kama samaki sokoni. Nilisikia sauti ya Zeller, aliyekuwa chumba cha juu akitazama, ikilia kama nzi kwenye vipokea sauti vya mpiga kamera. Nilikishika kitambaa, na mkono wangu haukunyanyuka.

Halafu mpiga kamera akafanya jambo moja tu aliloweza kulifanya: akasogea. Kamera ya pili ikateleza mbele polepole, taa yake nyekundu ikiwaka, ikamkaribia usoni.

Ndipo Lenore akarudi. Hofu ilikuwa wazi usoni mwake, na hakuificha. Waigizaji wa jukwaa hawajui jambo hili: kamera ikija karibu hivyo, huna haja ya kufanya kitu; unachohitaji ni kuiruhusu ione. Aliiruhusu. Nchi nzima ilitazama mwanamke anayeogopa kupoteza pake, na haikuwa Hester peke yake. Kisha, taratibu, akamgeukia Fitch.

"Sema tena," alisema.

Fitch akapepesa macho.

"Nimesema mambo ya baba yangu kwa sababu umenichanganya, shemeji. Umeingia nyumbani kwangu, umekula chakula changu, halafu umetamka neno ambalo sikuamini. Nitazame. Sema tena."

Mkono wake, naapa, ulikuwa palepale juu ya mgongo wa kiti. Aliurudisha bila kuutazama, kama anavyofanya mtu anayerudia kipande.

Fitch aliyarudia maneno yake, lakini safari hii sauti haikutikisa dirisha lolote. Ilitoka ndogo, ya mtu mwenye aibu. "Nyumba hii... ni mbao na misumari tu, Hester. Weka saini."

"Kila msumari uliomo humu," Lenore alisema, "aliupigilia mume wangu."

Akaendelea hadi mwisho bila kukosa hata pumzi. Mafundi wa taa, watu ambao kwa kawaida husoma matokeo ya besiboli wakati wa mchezo, walikuwa wamesimama wima.

Tangazo la sabuni lilipoanza, Zeller alishuka ngazi mbio. "Nani aliandika ile?"

"Hakuna," Fitch alijibu akijifuta jasho. "Alirudia. Mwanamke huyu amerudia mbele ya nchi nzima, na nchi haijui." Akamgeukia Lenore, akainama kidogo, si kwa mzaha. "Bi Pruett, niwie radhi."

"Usiniite Bi Pruett," Lenore alisema. "Uliniita nani kule mazoezini?"

Fitch akatazama viatu vyake. "Malkia wa Vipande."

"Basi ndilo hilo. Vipande ndivyo vilivyokuokoa na wewe."

Halafu akaja kwangu, akanivua kitambaa begani, akajifutia jasho la shingo. "Kwa nini hukunichapa?" alininong'oneza.

"Ulikuwa umependeza mno," nikamwambia.

Wenye Lumo walimtaka kabla ya kiamshakinywa. Bwana mmoja wao aliuliza kama anaweza kunyamaza vile kila wiki. "Nipe kipindi," Lenore alimwambia, "nitanyamaza upendavyo. Lakini tutakifanya kwa filamu. Kwa vipande." Bosi wa Kestrel naye akapiga simu, akampa sinema nzuri, kwa sharti kwamba asikanyage tena kwenye sanduku. Lenore alimsikiliza hadi mwisho, akamtakia siku njema, akakata.

Ile jioni ya Nebraska haikuhifadhiwa popote. Imebaki kwa waliokuwa sebuleni. Ila kipindi chake kilipigwa kwa filamu, na ndiyo maana hadi leo mnamwona akichekea jikoni kwake kila alasiri. Waliozaliwa kilipoanza wameshaoa. Zamani, alipokuwa sura kubwa ukutani, watu walimwona barabarani wakarudi nyuma. Sasa wanawake walimshika mkono dukani, katikati ya makopo ya nyanya, wakamwambia mambo ya kipindini kama ya jirani, "Lenore, yule mkwe wako usimwamini." Na yeye alisimama kubishana nao. Alijivunia jambo hilo kuliko zulia lolote jekundu.

Kupiga kipindi kwa filamu kulihitaji jengo kubwa lenye taa. Na nani alikuwa na majengo matupu mwaka ule? Kestrel. Sinema zao zilikuwa hazijazi ukumbi, wakawa wanawakodishia watu wa sanduku, wale wale ambao studio ilikuwa ikiwacheka.

Asubuhi ya kwanza geti lilinyanyuliwa kabla hatujafika. Tulipoingia pale palipokuwa pake, tukamkuta yule yule mtu wa rangi amepiga magoti, safari hii anaandika. Aliposikia Packard alisimama haraka, akavua kofia, tabasamu hadi masikioni.

"Karibu nyumbani, Bi Lenore. Ndiyo namaliza."

Lenore alishuka. Alilisoma jina lake lote, herufi kwa herufi, akilizunguka kama mtu anayekagua farasi. Nilidhani safari hii atalia.

"Hiyo P imepinda, baba," alisema. "Turudie."

Tukakaa juani kwenye boneti ya gari, yeye na mimi, tukimsubiri aandike upya.