Kitu Kwenye Chai

Mwana wa mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa akisikia sauti za watu wasiokuwepo. Alipogoma kumeza dawa ya hospitali, mama akawa anaisaga na kumtilia kwenye chai bila yeye kujua. Sauti zikanyamaza, ila mikono nayo ikawa mizito: kushona suruali moja siku nzima! Fundi akaanza kubugia vidonge vya kuchangamsha kwa siri. Mama alipovikuta mfukoni mwake, alimkimbilia daktari.

"Dawa yako inaibana dopamini, kemikali ya ubongoni inayochochea sauti na wepesi, vidonge vyake vinaifungulia," daktari akasema. "Mnavutana kamba, mama, na kamba yenyewe ni kichwa chake. Mwambie ukweli, aviache."

Asubuhi mwana alikitazama kikombe.

"Mama, sauti zimerudi. Zinasema unanitilia kitu kwenye chai."

"Uongo mtupu, mwanangu," akajibu mama, huku akikoroga.