Mashine ya Marehemu Ndayisenga

Mzee Ndayisenga alipofariki kule Tura, wazee walikaa siku ya kuondoa matanga, wakagawa vilivyogawika. Nyumba, shamba na mbuzi vilibaki kwa mkewe mdogo, Minza. Mashine ya kuchomelea, ile kubwa inayosukuma waya yenyewe, ikaangukia kwa mtoto wa kwanza wa kiume, kama desturi ilivyotaka. Mtoto huyo ni Karoli, fundi wa kuchomelea wa Chemchem, mjini Tabora, na mazikoni hakuonekana.

Waliomjua hawakumlaumu sana. Ndayisenga alipewa mashine ile na bruda mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao, enzi wakiishi Ulyankulu. Haukupita mwaka akaipakia kwenye tela la trekta, akaenda kuanza maisha mengine Tura, kandokando ya reli, na mwanamke wa Kisukuma. Mashine aliipakia. Mkewe Getruda na mtoto wao Karoli hakuwapakia.

Karoli alipomaliza darasa la saba alipanda treni akamfuata. Alimkuta karakanani, kofia ya kuchomelea usoni, na kitoto cha kike kimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikimpokeza koleo na nyundo.

"Baba, nimekuja unifundishe kazi."

Ndayisenga hakuvua kofia. "Kazi ya hapa inawatosha waliopo," alisema, kisha akainama kwenye jembe la ng'ombe alilokuwa akiliunga. Minza ndiye aliyemwonea huruma, akampa ugali na maziwa ya mgando. Karoli alikula, akashukuru, akarudi na treni ya jioni. Ufundi aliupata kwa watu baki, kwa mashine ndogo ya vijiti, na kule Tura hakukanyaga tena.

Basi mashine ilipofika Chemchem juu ya lori, imefunikwa turubai, mama yake aliitazama kutoka mlangoni.

"Haya, mke mwenzangu kaja," Getruda alisema. "Mtamlaza wapi?"

"Karakanani, mama."

"Msimweke karibu na jiko langu."

Karoli alifungua bati la ubavuni kesho yake. Ndani kulikuwa na vumbi la miaka, kiota cha panya, na vijumba vya udongo vya nyigu vimeshikana na feni. Hayo aliyatarajia. Ambacho hakukitarajia kilikuwa nyuma ya bati la mbele, palipofungwa swichi. Nyaya zote zilikuwa zimekatwa. Si kuguguna kwa panya, wala kuungua. Zilikatwa kwa plaizi, moja baada ya nyingine, karibu kabisa na shina, na vile vikaratasi vya namba vinavyoonyesha waya upi unakwenda wapi vimebanduliwa.

Alimwita jirani yake Lugembe, fundi wa kusuka mota. Lugembe aliingiza kichwa ndani, akapiga mluzi.

"Hii imechinjwa," alisema. "Nani alikuwa nayo?"

"Dada yangu wa kwa mama mdogo. Anaitwa Shukrani. Ndiye aliyefundishwa kazi nayo." Karoli alitema mate pembeni. "Ameona inakuja kwangu, akaona bora aiue."

"Una hakika?"

"Wewe ungekuwa na hakika ya nini kingine?"

Lugembe alipima transfoma kwa mita yake, akasema moyo wa mashine ni mzima. Kilichobaki ni uvumilivu. Uvumilivu huo Karoli aliupata kwenye hasira. Kila mteja aliyeuliza kuhusu lile dude lililojaza karakana alisimuliwa habari za dada mwenye roho mbaya wa Tura, na Karoli alisimulia huku mikono ikifanya kazi.

Masika yote ilikuwa hivyo. Umeme ulikatika na kurudi, mvua ikapiga bati, naye alikuwa chini akifuata waya mmoja hadi mwisho wake, anaujaribu kwa mita, anaufunga utepe wa rangi, kisha anashika mwingine. Mchoro hakuwa nao. Palipokuwa na mashaka alikaa akijiuliza aliyeitengeneza mashine hii alikuwa anataka nini, na mara nyingi jibu lilikuja. Gia za kusukuma waya alizikuta zimegandiana kwa grisi iliyogeuka nta. Alizichemsha kwa mafuta ya taa, akazisugua kwa mswaki. Rola yake ilikuwa imelika hata waya unateleza, akamwomba fundi wa mashine ya kukereza amchongee nyingine. Mrija wa ndani ya kebo, ambamo waya hupita kwenda kwenye bunduki ya kuchomelea, ulikuwa umejaa kutu. Aliutupa, akatia mpya.

Alipowasha mara ya kwanza, fyuzi ilipasuka. Alirudi chini, akakuta nyaya mbili amezibadilishana. Mara ya pili waya ulitoka, ila haukufika mbali. Ulijisokota kwenye rola ukawa kama kiota cha ndege. Akalegeza springi, akanyoosha kebo, akafungulia gesi, akajaribu tena juu ya kipande cha bomba.

Mashine ikaitika. Ilikuwa sauti moja, laini, isiyokatika, kama vitumbua vinapotua kwenye mafuta ya moto. Mshono ulitoka umelala vizuri, umejipanga magamba kama samaki. Karoli alivua kofia akautazama, na bila kupenda akacheka. Lugembe, ng'ambo ya uzio, alipiga makofi. Hata Getruda alitoka nje, akasimama mikono kiunoni. Hakuondoka upesi.

Habari za mashine ya waya zilienea. Wenye matela na wenye bajaji zilizovunjika fremu walianza kuja Chemchem, na habari zikapanda treni zikafika Tura.

Asubuhi moja Karoli aliinua kichwa akamwona mwanamke amesimama mlangoni, mfuko begani, mikono yake imejaa makovu madogomadogo ya cheche kama yake mwenyewe. Alimjua kabla hajajitaja. Alikuwa na paji la uso la Ndayisenga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Nimeisikia tangu barabarani. Nikajua ndiyo yenyewe." Shukrani hakuingia. Macho yake yalikuwa kwenye mashine. "Sikuja kuidai, kaka. Wazee walishasema, imekwisha. Nimekuja kuomba kazi. Niwe hapa chini yako, nichomelee utakachonipa. Kule Tura nimebaki mikono mitupu, na kazi nyingine siijui."

Karoli alijifuta mikono polepole. "Unakata nyaya, halafu unakuja kuomba kazi."

"Nani amesema nilikata?"

"Plaizi haitembei yenyewe."

Shukrani alitazama chini. "Hilo tuliache, kaka. Niseme ni mimi, yaishe."

"Hapana. Kama si wewe, ni nani?"

Shukrani aliuhamishia mfuko bega la pili. Kisha akasema, "Baba."

"Usimsingizie maiti."

"Wazee walikuja kumwona alipozidiwa. Aliwaambia mashine anataka ibaki kwangu. Wakakataa, wakasema mtoto wa kike ataolewa, aipeleke kwa watu. Walipoondoka akaniomba plaizi. Nilidhani anataka kurekebisha kitu, maana hata mgonjwa hakuacha kuigusagusa. Alikaa chini sakafuni, akafungua bati, akaanza kukata. Nilimshika mkono, kaka. Alinisukuma nikaanguka. Sijui nguvu ile aliitoa wapi. Kijiko cha uji alikuwa hawezi kukishika."

"Alisema nini?"

"Usiniulize hilo."

"Shukrani, alisema nini?"

Machozi yalikuwa yamemjaa. "Alisema, basi Karoli apewe chuma kitupu."

Kwa miaka yote Karoli aliamini kwamba baba yake alimsahau. Alikwisha kuzoea. Kusahauliwa kuna nafuu yake, asiyekukumbuka hakuchukii. Sasa alimwona mzee yule sakafuni, pumzi zinamwisha, nguvu zake za mwisho duniani anazitumia kwa ajili yake. Hakuwahi kupewa kitu kikubwa hivyo na baba yake.

Alizima mashine.

"Toka hapa," alisema.

"Kaka, mimi nimekosa nini?"

"Ulikalia ile ndoo karakanani kwa baba. Toka."

Hata yeye mwenyewe alisikia jinsi neno lile lilivyokuwa la kijinga, lakini lilikwisha kutoka, na nyuma yake yalikuwapo mengine. Shukrani aliomba basi aishike bunduki mara moja tu, achomelee mshono mmoja, aende zake. Karoli alikwenda akachomoa waya wa umeme ukutani.

Getruda alikuwa amesikia yote. Alimletea mgeni uji, akamngoja aunywe, akamsindikiza mpaka njiapanda. Aliporudi alisimama mbele ya mwanawe.

"Mwanangu, yule hakukuzaa, wala si yeye aliyekuacha."

"Najua, mama."

"Kama unajua, mfuate."

Karoli hakumfuata. Alijiambia atakwenda Jumapili baada ya misa, kisha akajiambia kazi zikipungua. Kazi hazikupungua. Mashine ilifanya kazi kama mpya, na kila alipoibana ile bunduki alijikuta ameuma meno. Kwa wateja hakusimulia tena habari za dada wa Tura, ingawa hakuwarudia wale aliokwisha kuwasimulia akawaambia alikosea.

Ni baada ya mavuno ndipo alipokata shauri. Alikodi kirikuu, wakaipakia mashine na mtungi wake wa gesi, wakaenda Tura kwa barabara ya vumbi iliyowatikisa hata akashuka mara kadhaa kukaza kamba.

Minza alikuwa anaanika mpunga. Alikuwa amezeeka.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Karibu, Karoli." Alitazama kilichokuwa juu ya gari, mkono ukasimama kwenye mpunga. "Hiyo ni ya nini?"

"Ya Shukrani. Nimemletea. Inafanya kazi."

"Shukrani hayupo. Aliporudi kutoka kwako hakukaa wiki. Ameondoka na wakandarasi wa nguzo za umeme, anawapikia." Alisema bila kupandisha sauti. "Mtoto aliyekuwa anaunga majembe ya Tura nzima, anasonga ugali wa vibarua."

"Naomba namba yake."

Alipewa. Simu iliita muda mrefu, kisha ikapokelewa katikati ya kelele za sufuria. Karoli alieleza haraka, kama mtu anayeogopa kukatwa: mashine ipo nyumbani, ni yako, wazee nitasema nao mwenyewe, nisamehe mdogo wangu.

"Nimekusamehe, kaka," Shukrani alisema. "Ila hiyo mashine siitaki tena. Sitaki hata kuisikia." Mtu alimwita kwa nyuma, akaitika, simu ikakatika.

Karoli alimgeukia Minza. "Basi ibaki hapa kwako, mama. Huenda siku moja atabadili mawazo."

"Isishuke hapa," Minza alisema. "Mzee wangu alikufa amegombana na kila mtu kwa ajili yake. Binti yangu ameondoka kwa ajili yake. Ilipopakiwa kwenye lori ile siku nilishukuru Mungu. Uje wewe, nitakupikia. Yenyewe hapana."

Alimpikia kweli. Karoli alikula, kwa kuwa kukikataa chakula chake kungekuwa kosa jingine. Kisha akaaga.

Dereva alikuwa amelegeza kamba, tayari kwa kushusha. Alipomwona Karoli anazikaza upya akakunja uso.

"Vipi, bosi? Mwenyewe kaikataa?"

"Kaikataa," Karoli alisema, akapanda.